Ondoa Mkono, Nione Umeandika Nini



Ingia darasa lolote la nchi hii siku ya jaribio, uangalie mikono. Mwanafunzi anaandika kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ameuzungushia daftari, kichwa kakiinamisha mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Hakuna aliyemfundisha kukaa vile. Amejionea mwenyewe, tangu darasa la kwanza, kwamba akiacha mwanya jirani ataangalizia, na mwalimu akiwakamata watasimamishwa wote wawili. Basi mkono unabaki pale pale mpaka kidato cha nne, wengine mpaka chuo kikuu. Halafu siku moja kijana anaajiriwa, na mkuu wake wa kazi anamwambia: ripoti hii mtaiandika watu watano, naitaka Ijumaa.

Jioni hii nataka tuzungumze kuhusu zana ambazo haziwezi kutumika mpaka ule mkono uondoke. Nazungumzia hati ya pamoja ya mtandaoni: ukurasa mmoja unaofunguliwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kompyuta au simu yake, na kila mtu anaweza kuandika, kufuta, kusahihisha cha mwenzake au kuacha maoni pembeni. Wengi tunaijua kwa jina la Google Docs. Microsoft nao wanayo yao. Ipo Etherpad, ambayo haina malipo na shule inaweza kuiweka kwenye mashine yake yenyewe. Na ziko wiki za kila aina, ambazo maarufu kuliko zote ni Wikipedia.

Si mambo ya juzi. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu wa kompyuta akawaonyesha jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, zaidi ya kilomita 40 kutoka pale, walivyoweza kufanya kazi kwenye maandishi yale yale, kila mmoja kwenye kioo chake. Mwaka 1995 Ward Cunningham akaweka mtandaoni wiki ya kwanza, ukurasa ambao msomaji yeyote angeweza kuuhariri. Wikipedia ikaanza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003. Mwaka 2006 Google wakanunua programu ndogo iliyoitwa Writely, na kutoka humo ikazaliwa hiyo Docs ambayo leo walimu wetu wanaisikia kwenye kila semina.

Na kwenye semina hizo, msikilizaji, wawezeshaji hurudia neno moja: ushirikiano. Zana hizi zinaleta ushirikiano. Mimi nasema hapana. Watoto wetu walishirikiana kabla ya umeme kufika kijijini. Nenda chini ya mwembe wa shule yoyote jioni kabla ya mtihani wa taifa ukawaone kwenye diskasheni, mmoja anafundisha kemia kwa chaki aliyoiokota darasani, wengine wamemzunguka. Ushirikiano hatukupungukiwa nao. Tulichokuwa hatuna ni kumbukumbu yake. Diskasheni ya chini ya mwembe ikiisha, hakuna awezaye kukuonyesha wazo lilianzia kwa nani, nani alilipinga, na liligeukaje mpaka likawa jibu. Hati ya pamoja inaweza kukuonyesha. Kila herufi iliyoongezwa na kila iliyofutwa imehifadhiwa, pamoja na saa na akaunti ya aliyefanya hivyo. Kwa mwalimu, hapo ndipo penye mali.

Nieleze nilichokiona, maana bila hivyo maneno haya yatakuwa hewani.

Nilikaa nyuma ya darasa moja la kidato cha pili, shule ya kata mkoani Tanga, si mbali na bahari. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, uandishi wa maelezo. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine chache kuliko wanafunzi, kwa hiyo walikaa wanne wanne kwenye kila moja, na mtandao ulitoka kwenye simu ya mwalimu, kwa bando la mwalimu. Hilo la bando tutalirudia. Dakika kumi za mwanzo ziliishia kwenye neno la siri: huyu kaandika herufi kubwa pasipotakiwa, yule kasahau nukta. Kisha mwalimu akaandika ubaoni kazi yenyewe: mwelezeeni mtu wa bara, ambaye hajawahi kuona bahari, bamvua ni nini.

Kikundi cha dirishani kikawahi. Wakaandika: Bamvua ni wakati ambao maji ya bahari yanakuwa mengi sana. Kwenye vioo vingine vyote sentensi ile ikajitokeza herufi kwa herufi, na darasa zima likacheka kwa kuiona inavyotembea. Kikundi kingine kikaongeza: Hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wa tatu, waliokuwa na kitabu cha jiografia, wakatia sababu: jua na mwezi huwa vimekaa kwenye mstari mmoja na dunia, vikavuta maji kwa pamoja. Mpaka hapo mambo mazuri. Kwenye daftari la kawaida kazi ingekusanywa hivyo hivyo, ikapata tiki na alama nane juu ya kumi.

Pembeni ya sentensi ya kwanza pakatokea maoni. Yaliandikwa na msichana wa kikundi cha nyuma, ambaye mwalimu aliniambia baadaye kwamba hanyooshi mkono darasani. Aliandika: Siyo mengi tu. Bamvua ndiyo mama anaenda shambani kwa mwani, maji yanatoka mbali. Mvulana wa dirishani akamjibu hapo hapo: Kitabu kimesema kujaa. Naye akajibu: Kujaa kweli, na kupwa pia. Kukawa kimya. Ukimwuliza mtoto yeyote wa pwani kwa mdomo atakuambia kwamba siku za bamvua bahari hujaa mpaka kwenye mikoko na baada ya saa sita hivi hupwa mpaka miamba inatoka, tofauti ya kujaa na kupwa ikazidi mita tatu. Wanajua. Wanaokota pweza siku hizo. Lakini hakuna aliyekuwa ameliona hilo kuwa ni la kuandikwa shuleni, mpaka yule binti alipoliandika.

Kisha akafanya lile jambo ambalo shule zetu haziruhusu. Alifuta maneno ya mwenzake. Palipoandikwa yanakuwa mengi sana, yeye akaandika: Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida na hupwa kupita kawaida. Kikundi cha nne kikadandia na kumalizia: siku za maji mafu, kujaa na kupwa huwa kudogo. Na mvulana wa dirishani, ambaye sentensi yake ilikuwa imefutwa, alinung'unika kidogo, akaisoma mpya mara mbili, halafu akasahihisha alama ya mkato.

Katikati ya hayo kukapigwa ukelele. Mtu alikuwa ameibonyeza kazi yote ikafutika, ukurasa ukabaki mweupe. Wakaanza kutupiana lawama. Mwalimu hakugomba. Aliwasha projekta, akafungua historia ya matoleo, akarudisha kila kitu kilivyokuwa dakika mbili nyuma. Nilidhani angefunga na kuendelea, lakini hakufunga. Alirudi nyuma zaidi, toleo baada ya toleo, rangi ya kila kikundi ikionekana ukutani, akafika kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Akauliza: hii sentensi si ya uongo, maji yanajaa kweli, sasa kwa nini mwenzenu aliibadilisha? Walijibu kwa dakika kumi na tano. Nimehudhuria vipindi vingi vya lugha na sijasikia watoto wa miaka kumi na minne wakibishana vile kuhusu tofauti kati ya sentensi iliyo kweli nusu na sentensi iliyokamilika.

Kazi ya kuandika shuleni kwetu huishia pale mwanafunzi anapoweka nukta ya mwisho. Anakusanya daftari, kalamu nyekundu inapita, daftari linarudi, anatazama alama, anageuza ukurasa. Kurudia kuandika anakujua kama adhabu. Yeyote anayeandika kwa ajili ya kula, awe mwandishi wa habari, karani wa mahakama au mtunga sheria, atakuambia kwamba kuandika hasa ni kurudia. Hati ya pamoja inauleta urudiaji huo darasani ukaonekana kwa macho. Kwa hilo naipenda.

Sasa tuje upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nauza bidhaa.

Kuna watu watanipigia simu wakiniambia kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli kwa chawa. Kwenye kazi ya kikundi darasani, mara nyingi kidole kimoja ndicho kinachovunja na vinne vinatazama. Hilo lilipimwa zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, akapima nguvu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Kadiri watu walivyoongezeka kwenye kamba ndivyo kila mmoja alivyovuta pungufu, na walipofika wanane kila mtu alikuwa akitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipokuwa peke yake. Sehemu yake ni kwamba hawavuti kwa mpigo mmoja. Sehemu nyingine kila aliyesoma bweni anaijua: kutegeana.

Wauzaji wa zana watakuambia historia ya matoleo imemaliza kutegeana, kwa kuwa unaona nani kaandika nini. Polepole. Rudi kwenye darasa lile la Tanga: watoto wanne, kibodi moja, akaunti moja. Ile rangi ya kijani ukutani ilikuwa ya nani kati ya wanne? Aliyebonyeza huenda hakusema neno, na aliyesema yote huenda hakugusa kibodi. Isitoshe, watoto wana akili. Waambie utahesabu mabadiliko ya kila mtu, na kabla wiki haijaisha utawakuta wanaongeza nafasi, wanafuta nukta na kuirudisha, wanabadilisha “na” kuwa “pamoja na”, ili majina yao yajae kwenye orodha. Nimeona kazi ya chuo ambayo mtu mmoja alikuwa na mabadiliko mengi kuliko wenzake wote, na ukiyafuatilia, yote ni ya kukoleza vichwa vya habari.

Zaidi ya hapo kuna suala la alama, na nadhani hapa ndipo zana hizi zinapofia kwetu, wala si kwenye intaneti. Mtihani wa taifa ni wa mtu mmoja mmoja, na sioni ukibadilika kesho. Mwalimu anajua hivyo, mzazi anajua hivyo, mwanafunzi mwenye akili anajua kupita wote. Ukimweka kwenye kikundi cha watu watano na kuwapa wote alama moja, yule anayejituma ataona ameibiwa, na atakuwa sahihi. Ukiwapa kila mmoja yake kwa kukisia, wote wataona wameibiwa. Kwa hiyo mwalimu hufanya jambo la busara kabisa: anafanya kazi ya kikundi siku mkaguzi anapokuja, kisha anarudi kwenye zoezi la mtu mmoja mmoja.

Ziko njia. Elliot Aronson, mwanasaikolojia aliyekuwa Austin, Texas, mwaka 1971 alikuta madarasa ambayo watoto weupe, weusi na wa asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa pamoja kwa amri ya mahakama na hawaivi chungu kimoja. Alichofanya ni kuigawa mada vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana. Kwanza watoto wenye kipande kimoja kutoka vikundi vyote wanakutana na kukielewa. Kisha kila mmoja anarudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wengine. Asiyefanya kazi anaonekana, kwa kuwa pana shimo. Na anayedharauliwa anasikilizwa, kwa kuwa anacho ambacho wengine wanakihitaji kwenye mtihani. Mtihani wenyewe Aronson aliuacha ubaki wa mtu mmoja mmoja.

Hilo linaingia kwenye hati ya pamoja bila shida. Mmoja apewe sababu za Vita vya Maji Maji, mwingine sura ya Kinjikitile Ngwale, wa tatu maeneo yaliyoungana, wa nne njaa iliyofuata baada ya 1907. Kila mmoja aandike sehemu yake kwa akaunti yake, hata kama wanapokezana kibodi moja. Halafu, na hapa naomba walimu wanaonisikiliza wanisikilize vizuri, alama kubwa isitolewe kwa ulichoandika kwenye sehemu yako. Itolewe kwa ulichokiboresha kwenye sehemu ya mwenzako. Mwambie mwanafunzi: chagua sentensi moja ya mwenzako uliyoibadilisha, nieleze kwa kalamu, kwenye daftari lako, kwa nini uliibadilisha. Mistari mitano inatosha. Hiyo hawezi kuandikiwa na mtu, na wewe huhitaji kupekua historia ya hati ishirini usiku kucha. Una darasa la watoto sabini, huwezi. Pekua za vikundi viwili kila wiki, usitangaze ni vikundi gani.

Mistari hiyo mitano ina faida nyingine siku hizi. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, aya nzuri isiyo na mwenyewe inapatikana kwa sekunde chache. Ukifungua historia ya hati ukaona aya nzima imetua kwa mpigo mmoja saa sita usiku, bila herufi moja kufutwa, una haki ya kuuliza swali. Nasema swali, wala sisemi ushahidi: huenda mtoto aliandika kwenye simu ya kaka yake kisha akahamisha. Na mjanja ataiandika upya neno kwa neno ili ionekane imetoka kichwani. Lakini kueleza kwa nini ulibadilisha neno fulani la Rehema au la Juma kwenye sentensi fulani, hapo ujanja unakuwa kazi ngumu kuliko kufanya kazi yenyewe.

Na nje ya alama kuna zawadi: kisa kimoja nakikumbuka kila ninaposikia shule zikipanga kuzitoa. Mwishoni mwa 2009 Google waliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania: andika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ushinde kompyuta mpakato, simu, modemu. Ulikuwa mwaka ule ule nyaya za baharini zilipofika pwani yetu, na kila mtu alikuwa na hamu. Makala ziliingia kwa mamia. Zawadi zikatolewa, na washiriki wengi hawakurudi tena. Wahariri wale wachache wa siku zote, wanaofanya bila malipo, wakabaki na kazi ya kusafisha yaliyoachwa. Sisemi shindano lilikuwa baya. Makala kadhaa zipo mpaka leo na zinasomwa. Ila kijana aliyeandika ili apate kompyuta alipoipata alikuwa amemaliza.

Na tukiwa bado kwenye Wikipedia, sishauri kidato cha kwanza wapelekwe moja kwa moja kwenye Wikipedia. Huko hadhara ni ya dunia nzima, ukinakili kitabu makala inafutwa, na mtu usiyemjua anakuandikia kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba huna chanzo. Kwa mtu mzima ni darasa zuri sana. Kwa mtoto aliyezoea mkono kwenye daftari ni kipigo. Waanzie kwenye ukurasa wa darasa lao, uliofungwa. Wakifika kidato cha tatu au cha nne, darasa zima lichukue makala moja fupi kuhusu mji wao au mto wao, ambayo ina mistari miwili tu, waijenge na vyanzo vyake. Makala za aina hiyo kwenye Wikipedia yetu ni nyingi, chagua tu wilaya.

Nilisema nitarudi kwenye bando. Maandishi matupu hayali bando sana; kinachokula ni kufungua ukurasa mara ya kwanza, na picha ambazo watoto hawaachi kuzibandika. Hata hivyo si haki mwalimu agharamie kipindi cha serikali kwa salio lake. Na hata bando likiwepo, mtandao wenyewe una siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Afrika Mashariki ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kubahatisha. Umeme siutaji, mnaujua.

Ndiyo maana nashangaa kuona shule zinaambiwa njia ni moja, ya kununua mtandao. Etherpad inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya shule, hata zile ndogo za Raspberry Pi zinazoenea kiganjani, na wanafunzi wakaunganishwa nayo kwa waifai ya chumbani bila senti ya bando. Pembeni yake unaweka Kiwix, programu inayoihifadhi Wikipedia yote isomwe bila intaneti. Na vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, ambavyo walimu waligawiwa baadaye, vinafungua kurasa hizo bila shida. Vingi nilivyoviona vinatumika kutazamia mpira. Kama hata hivyo havipo, ipo karatasi ya manila na kalamu za rangi. Kila kikundi kiandike aya, karatasi ihamie kikundi kinachofuata, nao wasahihishe kwa rangi yao bila kufuta, kwa mstari juu ya neno, na sababu pembeni. Karatasi ikizunguka darasa zima utakuwa na historia ya matoleo iliyobandikwa ukutani. Kwa maoni yangu mwalimu angeanza na manila kwa muhula mzima ndipo agombanie kompyuta, kwa sababu kwenye manila atagundua matatizo yote ya kibinadamu bila ya matatizo ya neno la siri.

Wengine wataniuliza kuhusu grupu la WhatsApp. Tunalo tayari, la darasa, la wazazi, la kila kitu. WhatsApp ni nzuri kutangaza ada na mikutano. Kwa kuandika pamoja haifai: maneno yanasogea juu yanapotea, hakuna anayeweza kuishika sentensi ya mwenzake na kuinyoosha, na anayeandika mengi ndiye anayeonekana ana hoja. Isitoshe shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na sioni sababu ya kuivunja sheria hiyo kwa ajili ya kitu kisichofanya kazi.

Limebaki la mwisho, ambalo walimu wakuu hawapendi kulisikia. Kumbukumbu hii ninayoisifu ni kumbukumbu ya watoto. Inabeba jina la mtoto, kosa lake, saa aliyolifanya, na maneno makali ambayo mwenzake alimwandikia pembeni alipokasirika. Kwenye daftari kosa hubaki kati ya mtoto na mwalimu. Hapa linaweza kubaki kwenye mashine za kampuni kwa miaka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake ya taarifa binafsi 2022 ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na shule haziko nje ya sheria hizo. Akaunti za kawaida za Google nazo haziruhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, lakini nimekuta wanafunzi wa msingi wamefunguliwa kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa, na aliyedanganya ni mtu mzima aliyekuwa na haraka. Mwalimu mkuu, kabla ya kipindi cha kwanza, kaa na mwalimu wa kompyuta mfungue akaunti za shule. Msiweke majina matatu ya mtoto, wala tarehe yake ya kuzaliwa, wala picha. Andikeni kidato, mkondo na namba ya dawati, na orodha ya nani anakaa dawati gani mkaifungie kwenye kabati la ofisi. Muhula ukiisha, hati ambazo hamzihitaji mzifute.